Nibu, Mausi na Upande wa Hared

Kila siku ya soko, kabla chai ya saa nne haijachemka, Nthenya aliingia katika hoteli ya Ahmednur pale mjini Salama, barabara ya Mombasa, akatoa pini mfukoni mwa aproni na kubandika ukurasa wa katuni ukutani, kando ya bei za vyakula. Madereva wa malori walishazoea. Wauza maembe walishazoea. Walisoma kwanza, wakaagiza baadaye. Ahmednur aliona mapema kwamba mtu anayecheka hukaa, na anayekaa huagiza chai ya pili, kwa hiyo ukuta ule akamwachia Nthenya bure.

Katuni yenyewe ilimhusu Bi Nzilani, muuza maembe mnene mwenye mbuzi aliyemzidi akili. Mwenye kuichora alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mkimya wa mdomo na mkaidi wa moyo. Ungempita barabarani usimkumbuke. Lakini mkono wake, jamani! Mstari mmoja tu wa Nthenya, mnene mwanzoni na mwembamba mwishoni, ulitosha kukuonyesha kwamba huyu mtu ana njaa na yule anadanganya.

Alichora kwa nibu, zile nibu za chuma za kuchovya kwenye wino ambazo wanafunzi wa zamani walipigwa viboko kwa sababu yake. Biki zilipoingia, nibu zikabaki kwenye rafu ya juu ya kiduka cha Ahmednur kando ya hoteli na hakuna aliyeziuliza tena, mpaka Nthenya alipopanda kiti akazishusha. Mpini aliupata nyumbani kwao Mbooni. Nungunungu alikuwa amekula mihogo ya mama yake, Syokau, akaacha miiba shambani kama malipo. Syokau si mtu wa kutupa kitu. Akampa binti yake mwiba mmoja mnene, wenye mabaka meusi na meupe, na nibu ikaingia kwenye ncha yake ikakaa sawasawa.

Mwaka ule wa tisini na sita, mwanzoni mwa Agosti, mtu aliyevaa koti la sufi alisimama mbele ya ukuta ule akasahau chai yake mpaka ikaota ngozi. Aliitwa Nzomo. Alikuwa mzaliwa wa Mbooni aliyehamia Nairobi, mhariri wa kampuni ndogo ya vitabu.

"Nani amechora hii kitu?" akauliza.

Deqa, binti wa Ahmednur, akamwonyesha kwa kidole bila haya. Nthenya alikuwa ameketi pembeni akipinda kola ya shati.

Nzomo hakuzunguka. Kampuni yake ilitaka kutoa kitabu cha katuni, kimoja tu kwa kuanzia, kiuzwe Mombasa mpaka Garissa. Kulikuwa na kijana wa Nairobi ambaye karibu wangempa kazi hiyo. "Lakini nipe kurasa kumi na mbili. Nitapita hapa mwisho wa mwezi nikienda kuona mama yangu. Nitalinganisha na zake. Atakayeshinda, hicho ndicho kitabu."

Nthenya akaitikia kwa kichwa.

"Na wino uwe mweusi kabisa," Nzomo akaongeza akitafuta kofia yake. "Mashine ya kuchapa haioni penseli. Yule kijana yeye anachora na kompyuta. Siku hizi mambo ni kompyuta."

Akaenda zake. Hayo maneno ya mwisho aliyasema kama mtu anayesema leo kuna jua, lakini yalimwingia Nthenya kama mwiba wa mgunga. Tangu utotoni alichora kwenye mchanga wa mto, kwenye karatasi za mifuko ya saruji, kwenye mgongo wa madaftari ya watoto wa watu. Kitabu alikuwa hajakiota hata usingizini. Sasa kitabu kimekuja mpaka mlangoni, na yeye mkononi ameshika mwiba wa nungunungu.

Siku iliyofuata alipanga kalamu zake zote mezani akaanza kuzijaribu. Biki ilikuwa mwaminifu lakini ilitema madoa, na mstari wake ulikuwa ule ule, umchore askofu au umchore mwizi. Maka pen ililowesha karatasi, ikapenya mpaka ukurasa wa pili, na mwisho wa wiki ikakauka mdomo. Aliazima kalamu ya fundi mmoja wa ramani za barabara. Hiyo ilikuwa safi mno, mstari mwembamba kama uzi wa mashine, lakini Bi Nzilani akatoka amekonda. Nibu ndiyo iliyomjua Bi Nzilani. Ila nibu nayo ilikuwa na kiburi chake. Upepo wa Salama wa mwezi wa nane, uliojaa vumbi la malori, uliukausha wino kabla haujafika kwenye karatasi, na mstari ukakatika katikati ya pua ya mtu.

"Sasa wewe unahangaika na nini?" Deqa akamwambia. "Kompyuta iko hapo nyuma imekaa tu."

Deqa alikuwa na chumba nyuma ya hoteli ambamo alichapia watu barua za kazi na matangazo ya mazishi. Alikuwa na kompyuta moja iliyokuja imetumika, printa iliyopiga kelele kama kinu cha posho, na mashine ya fotokopi. Alikuwa mdogo kwa Nthenya kwa miaka saba hivi, mwepesi wa ulimi, na aliipenda ile kompyuta kama mtu anavyompenda ng'ombe wa maziwa. Kila asubuhi aliifuta vumbi kwa shela yake kuukuu.

"Kuna programu ya kuchora," akasema. "Unashika hii mausi, unasukuma, mstari unatokea. Ukikosea unafuta, hakuna alama. Hebu niambie, nibu yako inafuta?"

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Nthenya akaketi.

Kwanza alimchekesha Deqa mpaka machozi, maana mausi ikifika ukingoni mwa meza yeye alisimama ili aisukume zaidi. Baadaye akaizoea. Ndani yake kulikuwa na kimpira kilichokusanya uchafu, na kila baada ya kisanduku kimoja cha katuni walikitoa wakakisugua. Alichora ukurasa kwa nibu kwanza, haraka haraka, ili awe na kielelezo, kisha akaunakili kwa mausi mstari kwa mstari. Printa ikapiga kelele, karatasi ikatoka, na juu yake Bi Nzilani alikuwa mweusi kabisa, safi kabisa, asiye na doa. Ukikaribia uliona mistari yake imepanda kama ngazi, lakini nani anakaribia hivyo?

Nthenya alifurahi. Tusimseme vibaya, angefurahi mtu yeyote. Alifanya hivyo kurasa nane, na sare za watoto zikalala kwenye mashine hazina vifungo.

Siku ya soko ikafika. Deqa, kwa majivuno ya kompyuta yake, akabandika ukurasa mpya, na chini yake akabandika kielelezo cha nibu cha ukurasa ule ule. "Waone tulikotoka na tulikofika," akasema.

Watu wakaja. "Asya! Hii ni kama ya Nairobi!" akashangaa muuza maembe mmoja kwa Kikamba chake. "Hii sasa ni magazeti kabisa," akasema dereva. Walimpa Nthenya mkono. Walisoma, wakatikisa vichwa kwa heshima, wakaenda kuketi.

Nthenya alikuwa anapinda kola yake kwenye kona, na furaha yake ikawa inapungua kidogo kidogo bila yeye kujua sababu. Ilimchukua muda kuitambua. Hakuna aliyecheka. Ule ukurasa ulikuwa wa mwizi wa mbuzi, wa kuchekesha kuliko yote aliyowahi kuchora, na watu wameutazama kama wanavyotazama picha ya waziri.

Pale ndipo aliposimama Hared.

Hared alikuwa ami yake Deqa, mfanyabiashara wa mifugo aliyenunua mbuzi kule Garissa na kuwapeleka Mombasa. Mara nyingi alipita Salama bila kusimama, lakini wiki ile lori lake lilivunjika ekseli, naye akawa hana kazi ila kunywa chai na kulaumu fundi. Alikuwa mzee mrefu mwenye ndevu za hina. Kusoma alisoma duksi, yaani chuo cha Kurani, na Kurani yake aliijua vizuri, lakini herufi za shule hakuwahi kuzishughulikia. Aliutazama ukurasa wa juu, ule wa kompyuta, kwa muda mfupi tu.

"Hii ni ramani ya nini?" akauliza, na hakungoja jibu. Akainama kwenye ule wa chini.

Akakaa ameinama. Kidole chake kikatembea. Uso wake ukaanza kukunjamana, na mwishowe akageukia hoteli nzima kwa hasira.

"Hii mwanamke ni mbaya sana!"

Watu wakageuza viti.

"Ami, mwanamke gani?" Deqa akauliza.

"Hii mnono! Angalia. Iko na mbuzi yake mkononi, salama. Lakini suruali ya mtu inafanya nini na yeye? Imenyang'anya! Sasa hii mtu maskini iko uchi kwenye miiba. Mbuzi nayo inakula hiyo suruali. Lakini hii mtu ni mzuri, inasamehe. Inabeba hiyo mbuzi kwa bega, jua kali, angalia hiyo jasho. Inaleta mpaka kwa mwanamke. Inafunga kamba pole pole, isiamshe yeye. Na yeye inalala tu! Hata asante hakuna!"

Hoteli ikalipuka kwa kicheko. Dereva mmoja alimwaga chai kwenye paja. Ahmednur akashika meza. Mzee Hared alikuwa ameusoma ukurasa kama anavyosoma kila kitu, kutoka kulia kwenda kushoto. Mwizi aliyefungua kamba ya mbuzi, akamtorosha begani, akaishia kwenye miiba bila suruali, kwake yeye alikuwa mtu mwema aliyedhulumiwa na kurudisha wema.

"Mnacheka nini?" Hared akafoka. "Mtu anateseka, nyinyi mnacheka?"

Nthenya hakucheka. Alikuwa amesimama, kola imeanguka chini. Mzee huyu amekosea upande lakini hajakosea uso hata mmoja. Ameiona hofu, ameiona aibu, ameuona uzito wa mbuzi begani. Amemkasirikia Bi Nzilani kama jirani yake. Na mwizi yule yule, kwa mausi, amekuwa ramani.

Akaenda ukutani akaubandua ule ukurasa wa juu.

"Deqa," akasema, "nimepotea."

Deqa alielewa mara moja, na hakupenda. "Kurasa nane! Wiki mbili nimefungua ofisi yangu bure! Sasa unarudi kwa mwiba wako?" Macho yake yakalowa, akageuka ili watu wasione. "Si useme tu kompyuta yangu ni takataka."

"Si takataka. Ni mkono wangu ambao haumo ndani yake."

"Na siku zimebaki ngapi? Huyo mtu wa Nairobi atakungoja?"

Jioni ile ile Nthenya alifunga nibu zake kwenye kitambaa, akachukua wino na karatasi, akapanda Mbooni kwa mama yake. Usiache mbachao kwa msala upitao, wahenga walisema, ila wahenga hawakuwa na mwisho wa mwezi unaowakimbiza.

Kule juu Agosti ni ukungu na baridi. Syokau alimwangalia binti yake akiteremsha mzigo, akaona amekonda, akaweka muthokoi wa mahindi na maharagwe jikoni kabla ya kuuliza lolote. Na Mbooni, wino ulikubali. Hewa ilikuwa na unyevu, nibu ikateleza bila kukatika, mistari ikaota minofu. Tatizo lilikuwa kinyume. Wino haukukauka upesi, na kurasa ilibidi zianikwe kwenye kamba ukutani, zipate joto la jiko bila moshi. Syokau alizilinda dhidi ya kuku, akizipita na kikapu chake cha kyondo mkononi, vidole vikisuka bila kuangaliwa.

"Huyu mbuzi ni wa nani?" aliuliza mara moja.

"Si wa mtu, mwaitu," Nthenya akamjibu mama yake. "Nimemtunga."

"Hapana. Huyu ni yule wetu aliyekula kanga ya shangazi yako." Akacheka peke yake mpaka jikoni.

Zikatimia kurasa kumi na moja. Ya kumi na mbili ikagoma. Kila alichochora Nthenya kilimkumbusha ndevu za hina na kidole kinachotembea kutoka kulia. Nzomo alisema kitabu kiuzwe Mombasa mpaka Garissa. Ni akina Hared wangapi walioko huko?

Asubuhi moja alitumwa mtoni. Njia za Mbooni ni za mteremko mkali, na ni nyembamba. Yeye alikuwa anashuka na mtungi mtupu, na mwanamke mwingine anapanda na mtungi uliojaa. Wakakutana katikati, wakapishana kwa ubavu, wakasalimiana, wakachekana kidogo kwa kuhema. Nthenya akapiga hatua kama tatu, akasimama. Akageuka akamtazama yule mwanamke akiishia juu. Njia ilikuwa moja. Kwake ilianzia juu, kwa mwenzake ilianzia chini, na wote wawili walikuwa wamekutana mahali pamoja. Akarudi nyumbani mbio bila maji, na Syokau, Mungu ambariki, akachukua mtungi akaenda mwenyewe.

Alilaza karatasi kwa urefu akapiga visanduku vitano kwa safu moja. Kushoto kabisa, Bi Nzilani anatoka nyumbani na kibuyu kitupu kutafuta maji. Kisanduku cha pili, anatembea kwenye mchanga wa mto mkavu, ulimi nje. Kulia kabisa, mfanyabiashara mrefu mwenye ndevu anashuka kwenye lori lililovunjika na koleo begani. Kinachofuata kwa upande wake, naye anatembea kwenye mchanga huo, amejifunika kitambaa kichwani. Na katikati, wote wawili wameinama kwenye shimo moja la maji, mmoja amekuja na koleo bila chombo, mwingine amekuja na chombo bila koleo, na vichwa vyao vimegongana ko! Nyuma yao, mbuzi amezamisha kinywa kwenye kibuyu kilichokwisha kuchotewa maji, anakunywa taratibu, jicho moja linatutazama sisi.

Alipomaliza alilia kidogo. Alijua ni nzuri.

Aliposhuka Salama alikwenda moja kwa moja kwa Deqa, akasimama mlangoni kama mdaiwa. "Nimekuja kuomba," akasema. "Katuni ninazo. Lakini mwandiko wangu unaujua."

Deqa aliujua. Hotelini walisema maneno ya Nthenya yameandikwa na kuku aliyepita kwenye matope. Nusu ya wateja waliuliza majirani zao viputo vya maneno vimesema nini. Deqa akazitazama kurasa kwa muda mrefu, uso umekazwa, mpaka akafika kwenye ile ya mwisho. Kisha kicheko kikamshinda.

"Huyu ni ami!" akasema. "Hata ekseli umeweka!" Akavuta kiti, akaifuta kompyuta vumbi kwa shela. "Niambie maneno."

Siku mbili walifanya kazi. Kompyuta ikaandika, Deqa akachagua herufi kubwa zinazosomeka hata na dereva asiye na miwani, printa ikapiga kelele. Wakakata maneno kwa mkasi wa sare, wakayagandisha ndani ya viputo kwa gundi, wakapitisha kila ukurasa kwenye fotokopi mpaka kiungo kisionekane. Kwenye ule ukurasa wa mwisho hawakuandika neno lolote.

Nzomo alipita siku aliyosema, na koti lake lile lile. Alikuwa na haraka. Ahmednur akamketisha kwenye meza kubwa, na kwa kuwa hoteli ilikuwa imejaa, ng'ambo ya meza alikuwa ameketi Hared, ambaye lori lake bado lilikuwa linangoja ekseli.

Nzomo alizisoma kurasa moja moja. Alitabasamu hapa na pale, lakini tabasamu la mhariri si la kutegemea. "Za yule kijana ni safi sana," akasema katikati. Akaendelea. Akafika kwenye ya mwisho, akailaza mezani kwa urefu.

Hared alikuwa hana haya na vitu vya watu. Akainamisha kichwa ng'ambo ya pili na kuanza kuangalia pia, shingo imepinda. Kidole cha Nzomo kilianzia kushoto. Kidole cha Hared kilianzia kulia. Nthenya alishika ukingo wa aproni yake kwa mikono miwili. Vidole vile viliendelea kusogeleana juu ya karatasi, kila kimoja hakina habari na mwenzake, mpaka vikagongana katikati.

Wakaangua kicheko kwa pamoja, watu wazima wawili, mhariri na mchuuzi wa mbuzi.

"Hii mbuzi!" Hared akasema, machozi yakimtoka. "Imewashinda wote!"

Nzomo alikuwa wa kwanza kunyamaza. Alikitazama kidole cha mzee, bado kimekaa juu ya mbuzi. "Wewe mzee umeanzia wapi?"

"Hapa." Hared akaonyesha lori lililovunjika. "Ningeanzia wapi ingine?"

Nzomo akaurudia ukurasa mzima, safari hii kutoka kulia, polepole. Kisha akamgeukia Nthenya. "Yule kijana wa Nairobi hawezi hii," akasema kwa sauti ndogo. "Ulichora na nini?"

Nthenya akauweka ule mwiba wa nungunungu mezani. Kisha akamshika Deqa mkono, akamvuta mbele. "Na maneno ni ya huyu," akasema. "Ya kompyuta yake. Jina lake liandikwe pia."

"Litaandikwa." Nzomo alikwisha kuzikusanya karatasi, mikono yake ina haraka ya mtu anayeogopa kunyang'anywa. "Kitabu ni chenu. Na hii ya mbuzi, nitaifanya ukurasa wa mwisho."

"Wa mwisho?" Hared akanyoosha mkono, akamnyang'anya zile karatasi, akazigeuza juu chini kama anavyofungua kitabu chochote tangu duksi. Ule wa mbuzi ukawa juu. "Mimi nimeanza na hii. Sasa nipe nafasi, nataka kujua ilikuwaje mpaka wakafika hapo."